Sauti Iliyoomba Maji

Ilianza kwa kuomba maji.

Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa saba, saa ambayo jengo zima hulala. Wazee wanaocheza karata uwanjani walikuwa wamepanda makwao, mlinzi amelaza kichwa juu ya meza yake, na nje hakukusikika kitu ila nyenze mitini na matone ya kiyoyozi yakigonga dirisha la jirani wa chini. Arwa alikuwa jikoni anasugua sufuria. Kutoka chumba cha watoto, sauti ndogo ikaita, "Mama, mazi."

"Nakuja, baba," akajibu, kama alivyokuwa akijibu siku zote. Akafuta mikono, akajaza kikombe, akapita sebuleni, na alikuwa ameshashika kitasa cha mlango ndipo alipokumbuka kwamba Suhaib walimzika miezi saba iliyopita.

Alikuwa na miaka mitatu na nusu. Homa ilimpanda Jumatatu, na Alhamisi alfajiri akafariki, na hakuna wa kulaumiwa. Walimzika mlimani nje ya Yiwu, huku China, penye makaburi ya Waislamu, mbali sana na Taizi ya Yemeni walikolala babu zake wote. Tangu siku ile wanawake wa Kiyemeni wa pale mjini waliacha kumwita Mama Suhaib. Wakawa wanamwita Mama Wijdan, kwa jina la binti yake wa miaka sita, wakidhani wanamsitiri. Kila walipomwita hivyo, yeye alisikia mchanga ukimwagika upya.

Akafungua mlango. Wijdan alikuwa amelala kitandani kwake, nywele zimelowa jasho. Kitanda cha pili, kile ambacho mumewe Ghamdan alisema atakigawa na mpaka leo hajakigawa, kilikuwa kitupu. Lakini chumbani mlinuka mafuta ya habasoda, yale aliyokuwa akimpaka Suhaib utosini baada ya kumwogesha, na chini ya harufu ile palikuwa na harufu nyingine, kama ya nguo mbichi zilizosahauliwa ndani ya mashine siku tatu.

Hakujua kwa nini, ila alikiweka kikombe sakafuni, kando ya kitanda kitupu. Akarudi jikoni, akafungua bomba lote ili asisikike, akalia. Aliporudi, kikombe kilikuwa hakina kitu. Kilikuwa kikavu kabisa, kama kilichotoka kabatini.

Siku ya pili, saa saba, hakuosha vyombo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango ule, kikombe mapajani, anasubiri.

"Mama."

"Naam, baba."

"Kuna giza."

"Wapi kuna giza, mwanangu?"

"Huku. Niimbie."

Akaimba. Aliimba kwa sauti ya chini wimbo wa kubembeleza aliofunzwa na mama yake, na nyuma ya mlango alisikia pumzi ya mtoto ikitulia kidogo kidogo, ile pumzi ya puani iliyokuwa ikikoroma kidogo kwenye mwisho. Alijua. Si kwamba hakujua. Mwanamke aliyemvisha mwanawe sanda kwa mikono yake anajua. Lakini alisema moyoni, kesho tu, halafu basi.

Ikawa kesho, na keshokutwa. Alipeleka maji, akapeleka mkate uliochovywa kwenye chai ya maziwa, akapeleka gari dogo jekundu. Siku moja aliuliza, "Huko uliko mnakula nini, baba?" Sauti ilinyamaza muda mrefu, mpaka Arwa akadhani imeondoka. Kisha ikasema, "Unataka nile nini?"

Arwa aliinuka haraka, akaenda jikoni. Hata hivyo, siku iliyofuata alirudi kwenye kiti chake.

Jioni moja Ghamdan alirudi kutoka ghalani, ananuka maboksi, akakaa kula. Alionja mara moja, akaweka mkate chini.

"Mama Wijdan, leo mchuzi una chumvi!"

"Unanisuta mbele ya mtoto?"

"Nakusifu! Miezi saba nakula kama mgonjwa wa presha, sikuthubutu kusema."

Arwa akacheka. Ghamdan alimtazama, na macho yake yakajaa maji. "Umecheka," akasema taratibu. Alimshukuru Mungu palepale mezani. Arwa akainamisha uso kwenye sahani yake kwa aibu.

Wijdan hakucheka. Shule zilikuwa zimefungwa, na mtoto alikuwa nyumbani kutwa nzima. Kwanza sauti yake ilikauka, ikawa kama ya mtu aliyepiga kelele uwanjani. Kisha akaanza kulala mno. Kisha akasema, "Mama, nina nzaa."

"Usimwigize mdogo wako," Ghamdan akamkanya, kwa upole.

"Simwigizi, baba. Ndivyo linavyotoka."

Huyu ndiye mtoto aliyekuwa mkalimani wa mama yake. Yeye ndiye aliyebishana kwa Kichina na wauza mboga mpaka wakacheka na kuongeza kitunguu cha bure. Sasa rafiki yake wa ghorofa ya tisa alimsemesha kwenye lifti, na Wijdan akamtazama tu, midomo imelegea, kama asiyeelewa hata neno. Daktari alimpima koo, masikio na damu, akasema mtoto ni mzima, apumzike.

Arwa aliona yote hayo. Na kila saa saba alikaa kitini.

Halafu ikaja Jumatano ile. Sauti haikuita. Arwa alisubiri, nyenze wakilia nje, matone yakigonga dirisha, na harufu ya habasoda ikatoka chini ya mlango nzito kuliko siku zote, mpaka akahisi ladha yake ulimini, na ile ya uvundo ikiifuata, na alipoona kimya kimezidi akausukuma mlango polepole na kumkuta Wijdan ameketi wima, si kwenye kitanda chake bali kwenye kile kitupu, macho wazi yasiyopepesa, miguu ikining'inia na kupigapiga ubao wa kitanda kwa visigino, tak, tak, tak, kama alivyokuwa akifanya Suhaib akisubiri kuvishwa viatu.

"Mama," kinywa cha Wijdan kikasema, kwa sauti ya Suhaib, "dada amechoka. Alale yeye. Mimi nibaki."

Arwa alitaka kusema hapana. Neno lilikuwa karibu, kwenye meno. Lakini ile sauti ilikuwa mbele yake, na safari hii ilikuwa na mikono ya kushikwa na shingo ya kubusiwa, na kwa muda wa pumzi moja, labda mbili, yule mama hakusema kitu. Hili hajapata kumwambia mtu, hata mumewe.

Kisha akaona chozi likimtoka Wijdan jicho moja, likishuka kwenye uso usiotikisika. Binti yake alikuwa bado mle ndani, na alikuwa amesikia mama yake akinyamaza.

Alimnyakua, akatoka pekupeku.

Karibu na msikiti palikuwa na duka la tambi la familia moja ya Wahui, Waislamu wa Kichina, kutoka Linxia, na mama wa familia ile, Bibi Sha, alikuwa na miaka sabini na kitu. Wakati wa matanga alikuja siku tatu mfululizo, akakaa na Arwa jikoni akimenya vitunguu saumu bila kusema lolote, na Arwa hakuwahi kuusahau ukimya ule. Sasa aliingia dukani anahema, mtoto begani. Walisemezana kama walivyozoea, kwa Kichina kibovu cha mmoja na Kiarabu cha swala cha mwingine.

Bibi Sha alimnusa Wijdan utosini. Akarudi nyuma hatua moja.

"Kiliomba nini, mwanangu?"

"Maji."

"Ukakipa?"

"Nilikipa."

"Uliitika kwanza, au ulipeleka tu?"

"Niliitika, Bibi. Nilisema, nakuja, baba."

Bibi Sha akafunga macho. "Mlango umeufungua wewe. Kisomo nitasoma mimi, lakini kufukuza utafukuza wewe, kwa kinywa kilekile ulichokiitikia." Akamshika mkono. "Na nikwambie mapema, usije ukanilaumu. Kitu hiki hakina sauti. Hiyo kilijivika kutoka kwako, kutoka kwenye kumbukumbu zenu. Kikitoka, hakitaivua. Kitaondoka nayo."

"Yote?"

"Yote. Uso wake Mungu amekuachia. Sauti, hapana."

Arwa alimtazama binti yake aliyelala begani. "Njoo kesho," akasema.

Kesho yake Ghamdan hakwenda kazini. Alielezwa yote, akasikiliza kichwa chini, hakumgombeza mkewe. Saa saba Bibi Sha aliketi kwenye zulia la chumba cha watoto, akawasha ubani, akaanza kusoma. Arwa alimpakata Wijdan. Kisomo kilipokolea, mwili wa mtoto ukakakamaa.

"Mama, mazi."

Ghamdan aliruka kama aliyeunguzwa. "Ni yeye."

"Kaa chini, Baba Wijdan."

"Arwa, wallahi ni yeye! Wewe umemsikia siku zote hizi peke yako, mimi hata mara moja sikumsikia. Niache nimwitikie. Mara moja tu!"

"Ukimwitikia tutamzika na huyu."

"Baba," ile sauti ikasema, kwa furaha, "umeniletea nini?"

Ndilo lililokuwa swali lake la kila jioni mlangoni, kabla baba hajavua viatu. Ghamdan akafungua kinywa. Arwa alimziba kwa kiganja, na yule mwanamume mkubwa, anayebeba maboksi begani bila kuyumba, akauma mkono wa mkewe ili asijibu, akauma mpaka damu ikatoka, huku machozi yakimwagika juu ya vidole vyake, na sauti ikiuliza tena na tena, baba umeniletea nini, baba mbona hunisemeshi, mama nimekosa nini, mama kuna giza, na Bibi Sha akizidi kusoma kwa sauti iliyotetemeka, na harufu ya nguo mbichi ikakijaza chumba mpaka ubani wote ukafa, na kitanda kitupu kikaanza kugongwa, tak, tak, tak, ilhali miguu ya Wijdan ilikuwa imetulia tuli mapajani mwa mama yake.

"Sasa," akanong'ona Bibi Sha.

Arwa alikuwa amejiandalia maneno makali usiku kucha. Hayakuja. Yaliyokuja aliyasema polepole, kama mtu anayemkabidhi mwingine mtoto aliyelala.

"Mwanangu kila alipoomba maji nilimpa, mpaka siku ya mwisho. Hana kiu tena. Amekufa, na nimemzika. Wewe sikujui. Sikuitiki."

Kilio kilichofuata kilikuwa cha Suhaib, kilekile cha siku ya kwanza alipozaliwa, na ndicho kilichomkata zaidi. Kikapanda, kikawa chembamba, kikapita kwenye dirisha lililofungwa. Nje nyenze wote walinyamaza kwa pamoja, kisha mmoja akaanza tena.

Wijdan alikohoa. Akageuza kichwa. "Mama," akasema, kwa sauti yake mwenyewe ya mikwaruzo, "nina njaa."

Bibi Sha aliwapikia tambi kwa nyama ya kondoo, akamlisha mtoto kwa mkono wake, kisha akajifunga mtandio na kuondoka. Jioni wazazi walibaki sebuleni, mkono wa Arwa umefungwa kitambaa.

"Alikuwa akisemaje?" Ghamdan akauliza. "Maji. Alikuwa hawezi kulitamka, sivyo?"

"Alisema mazi."

"Ee. Lakini alisemaje?"

Arwa akajaribu. Neno alilijua. Alipolitafuta moyoni akakuta limeandikwa tu, halina mtu ndani yake. Ghamdan akatoa simu, akatafuta picha ya video ya bustanini, siku ya upepo. Wakaisikiliza wameinamisha vichwa. Upepo ulisikika. Muziki wa kina mama wanaocheza uwanjani ulisikika, na Wijdan akicheka. Katikati yao Suhaib alikimbilia kamera, akafungua kinywa kikubwa, meno madogo yote yakaonekana, akasema jambo. Hapakutoka kitu. Ghamdan akairudisha nyuma, akaicheza tena, na tena, mpaka Arwa akamwondolea simu mkononi, akaizima, akamlaza kichwa kifuani kwake.

Shule zilifunguliwa. Wijdan alirudi kuwa na mdomo wake wa sokoni, na kitanda cha pili kilichukuliwa na familia moja ya Wasudani waliokuwa wakitarajia mtoto. Arwa alipika mchuzi wenye chumvi. Watu walisema amepoa, na ni kweli kwa kiasi fulani.

Lakini watoto wa mji ule huita mama zao kwa neno lilelile, mama, na wako kila mahali, kwenye lifti, kwenye pikipiki za umeme, kati ya meza za mboga. Zamani aliwapita bila kugeuka, kwa sababu sikio lake lilijua sauti ipi ni ya mwanawe. Sasa halijui. Asubuhi moja alikuwa anachagua biringani, na nyuma yake, kwenye msongamano, mtoto mdogo akaita, "Mama!" Arwa akageuka, biringani mkononi, akawatazama watu wakipita, uso mmoja baada ya mwingine.

Wijdan alimvuta vidole.

"Mama, twende. Si wewe unayeitwa."

"Najua, mama," akasema Arwa. Akasimama kidogo zaidi.

Sauti ikaita tena.