Nyota Tano za Mama Mkubwa

Kona za kurasa zilikuwa mbichi. Mwandishi alidhani ni chai, akakianika kitabu dirishani na kuchukua kingine kwenye rundo la vitabu alivyotumiwa avitolee maoni mtandaoni. Nacho kilikuwa hivyo hivyo: kona ya chini, upande wa kulia, kila ukurasa umelowa kwa upana wa ncha ya kidole. Alinusa. Ilikuwa harufu ya mdomo wa mtu aliyelala na tumbaku shavuni.

Alikuwa mtu wa vitabu vya historia, vile vyembamba ambavyo watu husoma saluni wakisubiri zamu. Alikwisha kutoa vitatu. Cha nne, historia ya ukoo wake mwenyewe, kingezinduliwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Chote alisimuliwa na mama yake, aliyekaa naye, mwanamke wa miaka themanini na moja ambaye mtoto wa jicho alimzuia kuiona hata sahani yake, lakini alikumbuka nani alivaa nini kwenye msiba gani.

Msomaji wake mwaminifu kuliko wote alijiita Msomaji Makini. Picha yake mtandaoni ilikuwa ya mwanamke wa makamo aliyefunga kitambaa kichwani, ameketi wima studio. Alimpa mwandishi nyota tano kila mara. Waandishi wengine aliwapa moja, kwa upole, kama mtu anayesikitika.

Mwanamke wa picha alikuwa mama mkubwa, dada wa mama yake, aliyekufa miaka thelathini nyuma. Maneno yote yalikuwa ya mwandishi. Picha aliichomoa kwenye albamu ya familia kwa sababu uso ule ulionekana mkweli.

Mama mkubwa hakujua herufi hata moja. Alitafuna tumbaku maisha yake yote, akafa kwa kidonda cha shavu kilichooza mpaka magego yakaonekana kwa nje. Mdogo wake, mama wa mwandishi, ndiye aliyemsafisha kwa pamba na maji ya chumvi, miezi minne, na tangu hapo hakuwahi kutoka bila kipande cha pamba mkobani. Kitabuni mwandishi aliandika kwamba mama mkubwa alifariki kwa amani. Kidonda aliona kingewachefua wasomaji.

Siku ya tatu mkewe alimwita jikoni.

"Mama anasoma," alimnong'oneza.

"Mama haoni."

"Ndiyo nakwambia."

Ilikuwa saa sita mchana, jua limejaa chumbani. Mama alikuwa ameketi kitandani na kile kitabu kipya cha ukoo mapajani, akikipeleka kidole mdomoni, akikilamba taratibu mpaka kwenye fundo, akifunua ukurasa, akikirudisha tena, na kila kilipotoka kilikuwa kimevuta uzi wa mate ya kahawia ambao haukukatika bali uliburuzika juu ya maandishi, ukashuka kwenye shuka, na ndani ya mate yale mlikuwa na chembe nyeupe mwandishi asizotaka kuzitazama, lakini alizitazama, akaona ni vipande vya nyama.

"Nzuri sana, mwanangu," mama alisema. "Nyota tano."

Sauti haikuwa yake. Ilitokea upande mmoja wa mdomo, kama ya mtu ambaye shavu lake haliwezi kuzuia upepo.

Tangu hapo kila tonge alilolishwa lilirudi. Siku nne hakumeza kitu. Daktari alimmulika kinywa akasema ni safi kabisa, lakini alisema hayo akiwa ameugeuza uso mlangoni. Mke wa mwandishi alibadilisha mito mara tatu kwa siku, akaichoma uani, na siku ya tano alimleta mganga bila kumuuliza mtu.

Mganga alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kusomea. Hakumgusa mgonjwa. Aliitisha simu ya mwandishi, akasoma maoni ya Msomaji Makini kimya kimya, mwishowe akacheka kidogo.

"Mimi nilinunua kitabu chako kwa sababu ya huyu mama," alisema. "Nikajisemea, mtu mzima hivi hawezi kudanganya."

Akamrudishia mwandishi simu.

"Huyu ndani si dada wa mama yako. Yule amelala zake. Wewe umetundika sura na sauti, hamna mtu ndani. Jini limepita, limekuta nguo tupu, limevaa. Sasa linataka na mdomo."

"Nifanye nini, mama?"

"Useme. Kwa jina lako, kwa wale wale uliowadanganya, kwamba mwandishi wa haya ni wewe. Ukifuta tu, umelivua nguo. Litavaa nyingine."

Alhamisi mwandishi aliandika ungamo la mistari sita. Akafikiria mwaliko uliokwisha kusambazwa, na wale aliowapa nyota moja watakavyocheka. Akafuta mistari ile sita, kisha akamfuta Msomaji Makini. Jioni hiyo mama alikunywa bakuli mbili za uji. Pumzi yake haikunuka chochote. Mwandishi alimwambia mkewe kwamba yote aliyoagiza mganga yamefanyika.

Jumamosi ukumbi wa maktaba ulijaa. Mama aliketishwa safu ya mbele, mkoba mapajani. Mwandishi alikohoa, akafungua kitabu ili asome ukurasa wa kwanza, akausoma vizuri, watu wakatikisa vichwa kuafiki. Alipotaka kufunua, karatasi zilikuwa zimegandamana. Bila kufikiri alilamba kidole.

Kilikuwa na ladha ya tumbaku, na nyuma ya tumbaku ladha ya kitu kilichokufa zamani na kuachwa kwenye joto, na alipojaribu kukitema ulimi ulikwenda wenyewe shavuni, ukakuta mahali palipolainika, ukapenya, ukaguswa na upepo wa nje, na watu wa safu ya mbele wakaanza, mmoja baada ya mwingine, kuziba pua, huku mdomo wake ukiendelea kusema kwa sauti ya upande mmoja ambayo hakuweza kuizuia:

"Mimi sijui kusoma. Huyu mtoto aliniandikia yote. Nyota zote aliandika yeye."

Mama yake alisimama, akapapasa hewani mpaka akaufikia uso wake, akaugeuza kwenye mwanga kama alivyozoea. Akafungua mkoba, akatoa pamba.

"Panua vizuri, dada," alisema.