Gauni la Huyo Mwembamba

Kengele ya uzito ya lifti ililia pale pale mshonaji alipoingia, na dada wa watu akatoka mbio kama aliyeitiwa mwizi. Lifti ilijaa watu na masanduku, lakini yeye hakuwa na shaka mzito ni nani. Fundi rangi mmoja akamfuata nje.

"Dada, ni haya madebe yangu. Wewe una nini, zaidi ya hicho kipochi?"

Wakapanda ngazi pamoja. Kabla hawajafika juu, fundi rangi alishapewa namba ya simu.

Jamani, walipendana! Simu asubuhi, simu mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula."

Uongo mtupu. Alikuwa akishona magauni ya maharusi, na mshono ukipinda hata kidogo tu, anaufumua wote. Mwili wake aliutazama kwa jicho hilo hilo. Chai kavu, basi. Siku hizo hakusikia njaa wala baridi, na hata busu alilisikia kwa mbali.

Alipochumbiwa, alikubali. Kisha akaahirisha harusi. Akaahirisha tena.

"Una mwingine?" fundi rangi aliuliza simuni.

"Sina."

"Basi nimekukosea nini, kipenzi?"

Mshonaji akakata simu. Alitaka kulia, machozi hayakuja.

Kesho yake mchana jamaa akaingia dukani kwa mshonaji, suruali imejaa madoa ya bluu, mkate kwapani. Gauni jeupe lilitundikwa ukutani, kiuno chembamba ajabu.

"La nani hili? La mtoto?"

"Langu."

Akalitazama, akamtazama. "Mbona halikuenei?"

"Litanienea. Siku hiyo ndiyo tutaoana."

"Mteja ungemshonea hivi?"

"Angenitupia usoni."

Fundi rangi hakucheka. "Mimi nimemchumbia huyu aliyesimama hapa. Huyo wa gauni simjui, na wallahi simtaki."

Mshonaji akavua futi kamba shingoni, akampa.

"Nipime."

Jamaa alizoea kushika brashi, hakujua pa kuanzia. Akamzungushia kiunoni.

"Umeipindisha," mshonaji alisema.

"Niinyooshe?"

Vidole vyake vilikuwa vya moto, vinanuka rangi. Mshonaji alivisikia vyote.

"Iache hivyo hivyo." Akautazama ule mkate. "Nina njaa."

Sauti yake mwenyewe ilimshtua. Fundi rangi akaumega mkate, wakala wamesimama, na hapo ndipo machozi yalipomtoka mshonaji, mkate ungali mdomoni.