Jiwe Si Sufuria

Fundi cherehani aliishi peke yake kando ya barabara ya zamani. Mumewe alikuwa amefariki. Barabara mpya ilipojengwa ng'ambo ya mto, wateja waliifuata. Siku nyingine alishona tangu asubuhi hadi jioni bila kuongea na mtu. Alizungumza na cherehani, na cherehani haijibu.

Mbele ya mlango wake lilisimama jiwe la kumbukumbu. Lilichongwa maneno haya: "Mwaka wa gharika, wanawake hawa walibeba mawe ya daraja la kwanza." Chini yalifuata majina yao. Jina la mwisho lilikuwa la bibi yake. Fundi naye alipewa jina hilohilo alipozaliwa. Tangu mumewe afariki, hakuna aliyemwita kwa jina hilo. Wachache waliopita walimwita Fundi tu.

Basi jiwe hilo alilitunza kama mboni ya jicho. Kila Jumamosi alilisugua kwa mchanga na brashi ya waya, kama anavyosugua sufuria. Na sufuria za Fundi ungeweza kujitazama ndani yake.

Asubuhi moja akaja mwanamke kijana, mhifadhi kutoka makumbusho. Kazi yake ilikuwa kukagua mawe ya kumbukumbu ya barabarani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umeleta nguo?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuliona jiwe."

Fundi akacheka kidogo. "Haya. Jiwe limepata mgeni, mimi bado."

Mhifadhi akainama, akapitisha kidole juu ya jiwe.

"Nani hulisafisha?"

"Mimi. Linang'aa, sivyo?"

"Linang'aa kweli, mama. Lakini maandishi yanakwisha."

Fundi akainama naye. Akalitafuta jina la mwisho. Mahali pake palikuwa laini kabisa. Kumbe siku zote alilisoma kwa moyo, si kwa macho. Akaketi chini.

"Nimelifuta mwenyewe," akasema. "Kwa mikono yangu hii."

"Hukukusudia, mama. Wengi hukosea hivyo. Jiwe si sufuria. Mchanga na waya hulila kidogo kidogo. Sabuni ya unga huingia ndani ikaliharibu. Wengine hulipaka rangi, nayo hufungia unyevu ndani, jiwe likaanza kubanduka."

"Sasa nifanyeje?"

"Maji safi na brashi laini, basi. Lilowanishe kwanza. Anza chini ukipanda juu, ili uchafu usiache michirizi. Mara moja kwa mwaka inatosha."

"Kwa mwaka! Na Jumamosi zangu nizipeleke wapi?"

Mhifadhi akatoa daftari, akaandika.

"Na jina la bibi yangu, je?" Fundi akauliza.

"Tunaweza kuweka kibao kipya kando ya jiwe. Lakini jina lililofutika haliandikwi kwa neno la mtu mmoja, hata akiwa mjukuu. Tunahitaji mwingine anayelikumbuka, nasi tutamuuliza peke yake. Asipopatikana, tutaandika yale yanayosomeka tu."

Mtu huyo Fundi alimjua. Alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwenye duka kwenye barabara mpya. Hawakuwa wametembeleana tangu matanga. Kila mmoja alingoja mwenzake aanze. Upumbavu mtupu, lakini ndivyo tulivyo binadamu.

Kesho yake Fundi akavuka mto. Wifi yake alikuwa akipima sukari.

"Makubwa! Leo jua limetokea wapi?"

"Limetokea kwangu, wifi. Nina shida."

Akaeleza yote. Wifi akacheka mpaka sukari ikamwagika.

"Kaka alisema utasugua sufuria mpaka zitoboke. Kumbe umehamia kwenye mawe!" Kisha akaona machozi ya Fundi. Akamshika mkono. "Usilie, wifi yangu. Jiwe lile nalijua lote. Si nilikuwa nasimama pale kungoja nguo zangu? Kesho yako ilikuwa haifiki!"

Mhifadhi alimuuliza wifi peke yake. Wifi akataja jina la mwisho bila kusita, na lililingana na lile alilotaja Fundi.

Kibao kikawekwa, majina yote yakiwemo. Brashi ya waya ikatupwa. Wifi sasa huja siku mojamoja, na kelele zake hujaa nyumba nzima. Akiondoka, kimya hurudi. Siku nyingi bado ni za kimya.

Mchana mmoja dereva mgeni alisimama hapo ili lori lake lipoe. Fundi alikuwa ndani, akipiga pindo. Akasikia sauti nje ikisoma majina kwa nguvu, moja baada ya jingine. Likafika la mwisho.

"Abee!" Fundi akaitika kabla ya kufikiri.

Akatoka mlangoni, utepe wa kupimia ukiwa shingoni. Dereva alikuwa ameshtuka.

"Samahani, mama. Sikukuita. Nilikuwa nasoma tu."

"Najua, mwanangu," Fundi akasema. "Soma tena."