Alinipa Shikamoo ya Ukwe

Nina miaka sitini na mbili, mjane, mkazi wa Kilakala hapa Morogoro. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mkiona maneno yamepinda mnivumilie. Siandiki ili mnionee huruma. Naandika kwa sababu nilifanya ujinga, na mwenye ujinga wake akiuficha, mwingine ataurudia.

Mume wangu alifariki miaka tisa iliyopita. Watoto wana miji yao. Nimebaki na genge langu la mdalasini na pilipili manga inayoshuka kutoka kwetu Matombo, na redio. Mnaoishi peke yenu mnanielewa... unasonga ugali wa mtu mmoja, unakula nusu, unaobaki unawamwagia kuku.

Mjukuu wangu Mwanahawa, fundi cherehani, aliponunua simu mpya aliniachia ile yake ya zamani ya kupangusa. Siku moja akanitania, "Bibi, utazeeka na redio? Huku kwenye simu wamejaa mababu wanatafuta wake!"

"Nyamaza, mke mwenzangu," nikamwambia. "Mimi nimeshazeeka tayari."

Lakini neno lilikuwa limeniingia. Wiki haikwisha, nikamwambia aniingize kwenye hilo kundi la watafuta wachumba.

Picha ndiyo iliyoniponza. Mwanahawa alitaka kunipiga palepale gengeni. Nikakataa! Nilikuwa nimejiona kwenye kile kioo cha simu, mvi tupu, mashavu yameingia ndani. Nikafungua sanduku, nikatoa picha niliyopigwa kwenye harusi ya mdogo wangu, nina miaka thelathini na tisa, nimependeza na doti mpya.

"Bibi, huu si uongo?" akaniuliza.

"Huyo ni mimi au si mimi?" Nikamkaripia mtoto aliyenieleza ukweli! Akaiweka. Umri tukaandika arobaini na tano.

Akatokea mwanamume wa Kisaki, jina lake Saidi, mkulima wa ufuta, kafiwa na mke. Pichani mtu wa makamo, ndevu nyeusi. Alisema ana miaka hamsini.

Tuliandikiana miezi saba. Mimi wa kidole kimoja! Herufi naitafuta kama natoa chuya kwenye mchele. Kabla sijafungua genge naangalia kwanza kama kaandika. Nikiona vile vitiki viwili vimegeuka buluu na hajajibu, siku hiyo wateja nawajibu ovyo. Akiandika "umekula?" nacheka peke yangu mbele ya mafungu ya pilipili. Tangu mume wangu afariki, nani mwingine aliyewahi kuniuliza kama nimekula?

Alitaka kupiga simu, nikamwambia spika imekufa. Alitaka kuja, nikamwambia nauguliwa. Mara ngapi nimeandika, "Saidi, mimi ni bibi kizee," kisha nikafuta? Nilijidanganya kwamba wakati wa kusema utakuja wenyewe.

Wakati haukuja. Alikuja yeye.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Niko ndani, kanga imechakaa, kichwa wazi, nachambua mchicha. Nikasikia mlangoni, "Hodi! Nimeelekezwa hapa ni kwa Zuhura. Mimi Saidi, natoka Kisaki."

Zuhura ndiye mimi.

Nikasimama nyuma ya pazia na mvi zangu, ulimi ukaniponyoka: "Zuhura hayupo. Mimi ni mama yake."

Kwetu Waluguru, mkwe hatazamani na mkwe. Papo hapo nikamsikia anarudi nyuma. Nikachungulia kwenye upenyo. Alikuwa amenigeuzia ubavu, macho chini. Mzee! Ndevu nyeupe kama pamba, kaegemea mkongojo. Mzee kama mimi, pengine kunizidi!

"Shikamoo, mama mkwe," akasema.

Jamani, si ningetoka tu? Ningecheka, naye angecheka, tungekaa jamvini tukanywa chai. Badala yake nikaitika, "Marahaba."

Kisha akasema bila kugeuka, "Mama, najua ananikwepa. Labda ameniona njiani akashtuka. Ile picha niliyomtumia ni ya zamani. Nilimdanganya. Mwambie Saidi alikuja kuomba msamaha, na wala hamlaumu."

Akaweka chini doti ya kanga na ndoo ndogo ya ufuta, akaondoka na mkongojo wake kuwahi basi.

Nililia nimejiziba mdomo kwa kanga. Mtu katoka Kisaki kuja kusema ukweli, mimi nikashindwa kuvuka kizingiti changu mwenyewe!

Siku tatu sikuandika. Ya nne nikamweleza yote, kidole kimoja, kutwa nzima. Vitiki vikageuka buluu. Mwezi ukakatika. Ndipo akanitumia sauti. Niliisikiliza nimekaa sakafuni.

"Bi Zuhura, nimekusamehe, maana na mimi nilidanganya. Lakini nilikupa shikamoo ya ukwe, nawe ukaipokea. Ungenizuia kabla hujaitika. Sasa nikuite mke kwa mdomo upi?"

Mwanahawa alinisihi, "Bibi, hayo maneno tu, mfuate!" Sikumfuata. Adabu hiyo ya ukwe nimewafunza mimi wanawali wangapi? Nimewasema wakwe wangapi waliothubutu kuinua macho? Leo niivunje kwa sababu imeniuma mimi?

Kanga zake ziko sandukuni, juu ya ile picha.

Wasomaji wenzangu, sisemi msitafute wenza kwenye simu. Upweke unauma, usikieni tu kwa wengine. Ila nawaomba, wazee wenzangu na nyie mabinti mnaojing'arisha pichani: weka sura yako ya leo. Atakayeikimbia na aikimbie mapema, kabla hujamzoea. Na kama umeshadanganya, mwambie leo hii, ungali na mlango wa kutokea. Mimi nilingoja, nikaufunga wangu kwa neno moja.

Kila Ijumaa baada ya sala, Saidi ananipigia. "Shikamoo, mkwe." Naitika marahaba. Kisha ananiuliza kama nimekula.

Namwambia nimekula.