Alama za Mawese kwenye Darubini

Kila siku baada ya chuo cha Kurani, Mwasiti alitwanga chikichi za kukamua mawese na shangazi yake hapo Rumonge mpaka mikono ikafa ganzi. Hata siku hiyo, alipompelekea babake chakula cha jioni, vidole vyake bado viling'aa mawese.

Babake, Radjabu, alikuwa mpagazi. Jana yake alikuwa amerudi kutoka pwani, miezi mitatu kwa miguu, kichwani sanduku la darubini mpya ya Mdachi, Mjerumani aliyepima nchi na nyota kandokando ya ziwa. Sasa darubini ilisimama kwa miguu yake mitatu uwanjani kwa Mdachi, na Radjabu aliambiwa ailinde. Mwasiti alimkuta amelala fofofo, ameketi vilevile. Hakumwamsha. Alifunua kioo kikubwa, akakipapasa, akafunika, akaenda kujibanza uani amsubiri aamke.

Giza lilipoingia, Mdachi alichungulia, akakunja uso.

"Darubini yangu ndogo ilinionyesha nyota arobaini katika kundi la Kilimia. Hii kubwa inanionyesha ukungu! Umeliangusha sanduku njiani!"

"Sikuliangusha, Bwana."

"Kesho utachapwa viboko ishirini na vitano."

Radjabu aliinamisha kichwa. Alikuwa amechoka mno, hata hakuweza kujitetea zaidi.

Kule uani Mwasiti aliyasikia yote. Hakuna aliyemwona akigusa kioo. Akaitazama miguu ya babake iliyopasuka, kisha akajitokeza.

"Ni mimi, Bwana. Nilikigusa kioo kwa mikono ya mawese. Baba alikuwa amelala."

Mdachi alileta taa, akaziona alama za vidole. Alifuta kioo polepole kwa pamba na pombe kali, akachungulia tena. Alianza kuhesabu nyota kwa sauti ndogo, akafika mia, akaacha.

"Njoo," alimwambia Mwasiti.

Mwasiti akachungulia. Pale ambapo macho yake yalizoea kuona nyota sita, zilitapakaa tele kama dagaa walioanikwa mchangani.

"Zimezaliwa leo, Bwana?"

"Zilikuwapo. Kilicho kipya ni kioo. Kikitengenezwa kikubwa zaidi, wenzangu watagundua nyingine ambazo mimi sitaziona." Akapiga mwayo. "Nendeni mkalale. Viboko basi."

Njiani Radjabu alitembea akichechemea mpaka karibu na nyumbani.

"Mwanangu, usiguse cha watu bila ruhusa," alisema. "Na ukikosa, sema mapema, kama ulivyosema leo, kabla kosa lako halijawekwa kichwani pa mwingine. Mizigo niliyobeba inanitosha."