Cheti cha Dada Kulthumu

Mwaka 2005 Amna alikuwa darasa la sita mjini Ruangwa. Kila asubuhi alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akaanza kumsifu dada yake. Kulthumu alikuwa amerudi kutoka Nachingwea na cheti cha kompyuta, basi majirani hawakupumzika. "Dada yangu anajua kompyuta yote!" Amna aliwaambia hata wauza mihogo.

Likizo ilipoanza, Kulthumu alikwenda kujaribiwa kazi katika duka la Mama Klementina la kuchapa barua na kadi. Kama angefanya vizuri, angeajiriwa. Amna alimsindikiza na zawadi, kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Nyumbani kwao redio ilifunikwa hivyo, kwa hiyo naye akalifunika sanduku la kompyuta lote, lipendeze na lisiingiwe na vumbi.

Mzee Kaimu alifika kuchapisha kadi za jando la wajukuu zake. Kulthumu alianza kuchapa. Ghafla kompyuta ikazimika. Akaiwasha, ikazimika tena, ingawa jenereta ilinguruma na taa iliwaka.

Amna aliogopa sana. "Sema imekufa," alimnong'oneza dada yake. "Una cheti, nani atakubishia?"

Kulthumu alitikisa kichwa. "Mama," alimwambia Mama Klementina, "sijajua tatizo ni nini. Naomba niichunguze."

Alikagua nyaya zote. Alipogusa sanduku, aliondoa mkono haraka, maana lilikuwa la moto kama kikaango. Akakumbuka somo la feni ya kompyuta na matundu ya kutolea joto. Akakivuta kile kitambaa kilichoyaziba.

"Amna! Umeivisha koti juani!"

"Hata mimi ningezimika," alisema Mzee Kaimu, akicheka. Amna aliona haya, kisha naye akacheka. Kompyuta ilipopoa, ilifanya kazi mpaka kadi ya mwisho.

"Kulthumu, kazi ni yako," alisema Mama Klementina jioni. Kisha akamgeukia Amna. "Zamani nilidhani mwenye cheti anajua yote. Baadaye niliwaajiri wenye vyeti walioona haya kuuliza, wakaniharibia mashine, nikavichukia vyeti. Leo naona nilikosea mara zote mbili. Habari za joto dada yako alijifunza darasani. Lakini angejifanya anajua, asingeligundua kosa. Cheti kitakuingiza kazini, mwanangu. Ukweli na bidii ndivyo vitakavyokubakiza."

Amna alifikiri kidogo. "Mama, nami nataka kujifunza. Ila sijui hata kuiwasha."

"Basi umeshaanza vizuri," alijibu Mama Klementina, akamsogezea kiti.