Mwezi Ukizama Kongo

Mbwa wa buchani walikuwa wa kwanza kujua. Kila siku walilala chini ya meza ya Tahiru katika soko la Koboko, wakisubiri mifupa. Adhuhuri moja alipopita na panga mkononi, waliinuka wote kwa pamoja, mikia katikati ya miguu, wakaondoka bila kubweka. Tahiru akawarushia ini zima. Hakuna aliyegeuka.

Hamuza, mdogo wake waliyeuza naye nyama, alicheka. Kisha akasikia harufu ya ngozi mbichi iliyolowa, na ilikuwa ikitoka mwilini mwa kaka yake.

Muda si mrefu akaja Afedra, kijana wa bodaboda aliyekuwa akipeleka nyama hotelini, akauliza kwa nini mzigo umechelewa. Tahiru alimkamata shingo kwa mkono mmoja, akamwinua kama anavyoinua paja la mbuzi, akamtundika kwenye ndoano. Chuma kikapenya begani na kutokea mbele. Afedra alipiga mayowe mpaka sauti ikamkauka, na Tahiru akaendelea kukata mbavu taratibu, akinong'ona lugha ambayo Hamuza hakuijua.

Wabeba mizigo wa soko zima walimwangukia Tahiru, wakamshusha Afedra, wakamfunga Tahiru kamba na kumpeleka nyumbani kwake. Huko alijitupa ukutani hadi usiku wa manane. Mara akatulia. Akaomba maji kwa sauti yake mwenyewe, akamuuliza mkewe Hawah nani amemfunga. Alipoambiwa habari za Afedra alilia kama mtoto.

"Ulikwenda wapi jana?" Hawah alimuuliza.

"Nilikwenda kununua ng'ombe, upande wa mpaka. Dume ikakata kamba, ikaangukia ndani ya chemchemi, ikavunja mguu. Nikaichinja pale pale, isife kibudu. Maji yote iligeuka damu. Ilikuwa mchana, lakini mwezi nusu ilikuwa imetoka, nikaiona ndani ya ile damu. Halafu nikasikia mtoto analia chini ya maji. Mtu hapana pale, Hawah. Nikakimbia."

Siku iliyofuata kitu kile kilimjia tena baada ya swala ya adhuhuri. Kesho yake kilichelewa zaidi, na siku nyingine kilikaribia alasiri. Hawah alikuwa akisuka vikapu uani kutwa nzima, na ndiye aliyegundua. Kila Tahiru alipoanza kutetemeka, yeye aliinua macho na kuuona mwezi ukichungulia juu ya mabati ya majirani upande wa mashariki, mweupe kama kipande cha sabuni, mkubwa kuliko wa jana. Na kila mwezi ulipozama upande wa Kongo, mumewe alirudi.

Kadiri mwezi ulivyojaa, ndivyo kilivyozidi nguvu. Kilimvunja Hawah meno mawili ya mbele. Kilirusha jiwe la kusagia likatoboa ukuta na kumvunja mguu mbuzi wa jirani. Mwezi ulipokuwa duara kamili kiliingia pamoja na adhana ya magharibi na hakikutoka mpaka jua lilipochomoza, na muda wote huo kilikuwa kikiuliza neno moja kwa kinywa cha Tahiru: "Zam iko wapi?"

Zam alikuwa binti yao wa pekee. Ndiyo kwanza ameanza kutembea.

Hamuza akapanda basi hadi Arua, akarudi na Medina, mwanamke wa Kinubi aliyeuza ubani na udi sokoni, ambaye watu wa kabila lake walimwita haboba, yaani bibi. Hakuwa mwenye maneno mengi. Mwezi ulipopanda usiku ule alimfukizia Tahiru ubani, akamsomea, kisha akamwinamia sikioni.

"Wewe iko nani?"

"Mimi ni mama," kikajibu kinywa cha Tahiru, kwa sauti ya mwanamke aliyechoka. "Nilikuwa na mtoto kwenye maji yale. Alikuwa akicheza na mwezi. Huyu alimwaga damu juu yake, akazama nayo."

"Hakumwona mtoto wako."

"Mimi naona wake."

Medina alitoka nje akakaa na Hawah kizingitini. "Jini hii imeingia na mwezi, itakufa na mwezi," alinong'ona. "Mwezi hii ikiisha bila damu kumwagika ndani ya nyumba, hapana rudi tena. Mfunge kabla mwezi haijatoka, mfungue ikishazama. Lakini usiamini sauti, mwanangu. Inajua sauti ya mume wako yote. Amini macho. Angalia mwezi tu."

Wakafanya hivyo. Mwezi ukaanza kumegeka, ukawa unachomoza usiku na kuchelewa kuzama asubuhi, na kila asubuhi Hamuza alisimama uani akiutazama ukififia juu ya vilima vya Kongo mpaka ukapotea, ndipo anaingia kumfungua kaka yake. Walianza kuamini kwamba watapona.

Kisha ikaja asubuhi ya mvua. Mawingu yalifunika mbingu kutoka mashariki hadi magharibi, radi ikapiga, mtandao wa simu ukakatika. Tahiru alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya sebuleni, Hamuza akimlinda. Hawah, Zam na Medina walijifungia chumbani, na mlangoni walikuwa wameegemeza mchi wa kutwangia.

"Shemeji," Hamuza aliita kwa sauti ya chini. "Kaka amerudi."

"Mwezi iko wapi?"

"Siwezi kuiona. Lakini analia, shemeji. Anasema mkono umekufa ganzi."

"Usimfungue. Hapana, Hamuza. Ngoja."

Tahiru ndiye aliyemlea Hamuza tangu wazazi wao walipofariki. Alimfundisha kuogelea, kuswali na kushika kisu, na sasa alikuwa akilia mbele yake akimwita kwa jina la utotoni, akimwomba amlegezee mkono mmoja tu, mkono mmoja, ajipanguse machozi.

Hawah alisikia kamba ikianguka sakafuni. Halafu akasikia mfupa ukivunjika, sauti kavu kama kuni, na mwingine, na Hamuza akipiga ukelele uliokatwa katikati, na kitu kizito kikiburutwa na kugongwa ukutani, kikiburutwa tena na kugongwa tena, huku sauti ile ya mwanamke ikiimba wimbo wa kubembeleza mtoto, kisha ikaja mlangoni na mlango ukaanza kupigwa, bawaba ya juu ikang'oka, ubao ukapasuka, Zam akalia akiwa amefungwa mgongoni mwa Medina, na Hawah akaushika mchi kwa mikono miwili akajibanza ukutani, akisikia mvua, mlango na moyo wake kama kishindo kimoja.

Vishindo vikakoma. Mvua iliendelea kunyesha sana kwa muda, kisha nayo ikakatika.

Baadaye mlango uligongwa polepole.

"Hawah. Nimefanya nini? Hamuza amelala chini, hapumui vizuri. Fungua."

Hawah hakufungua. Mlango ulisukumwa, na bawaba iliyobaki ikaachia. Tahiru alisimama pale, damu ya mdogo wake imemfika viwikoni, amenyoosha mikono.

"Nipe mtoto," alisema. "Naogopa, Hawah. Nipe nimshike kidogo."

Akapiga hatua moja. Hawah alimpiga mchi juu ya sikio. Tahiru alipiga magoti, akamtazama, akataka kusema neno. Hawah akapiga tena, akaendelea kupiga mpaka mchi ukamteleza mikononi kwa damu.

Majirani waliingia wakambeba Hamuza kumpeleka hospitali. Aliishi, ila mkono wa kulia haukupona. Tahiru walimfunika shuka.

Medina alimlaza Zam kitandani, akatoka nje kutafuta maji ya kunawa. Uani, kwenye tope, aliziona nyayo. Zilianzia barazani, kwato mbili mbili, za kitu kinachotembea wima, zikapita chini ya kamba ya nguo na kuelekea uzio wa magharibi. Zilikuwa za kutoka tu. Na kila moja ilikuwa imejaa maji ya mvua mpaka ukingoni. Kilichozikanyaga kilikuwa kimeondoka wakati mvua bado inanyesha, kabla ya mlango kugongwa polepole.

Medina alitazama nyuma haraka. Akavua kandambili, akaanza kuzifuta kwa mguu, moja baada ya nyingine, akisawazisha tope.

"Haboba," Hawah aliita kutoka barazani. "Ilikuwa nani aliyeingia chumbani?"

"Ilikuwa jini, mwanangu." Medina hakugeuka. "Umeokoa mtoto wako. Rudi ndani."

Hawah hakurudi ndani. Alikuwa amesimama pale tangu Medina alipofuta ukwato wa kwanza.